Kidude cha Pikachu kinachohesabu hatua: kitamwinua mtoto au ni skrini nyingine?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mjomba wa wanangu anafanya kazi Nagoya, Japani. Alipokuja likizo alimletea Faraji, mwenye miaka 9, kidude cha manjano cha kubana kiunoni, cha mtumba, ndani yake yumo Pikachu, yule mnyama wa katuni za Kijapani za Pokémon. Kinahesabu hatua, na ukitembea unapata "wati" za kumzawadia Pikachu. Wiki mbili za kwanza mtoto alikuwa hatulii: ukitaja chumvi imeisha, yuko mlangoni. Juzi nimemkuta amekitia kidude ndani ya soksi, anakipigapiga hewani huku anaangalia katuni. Nikamnyang'anya. Alilia mpaka akalala bila kula, anasema Pikachu atamchukia. Mjomba wake naye anasisitiza lazima afikishe hatua 10,000 kila siku. Je, hiki kitu kina faida yoyote mwilini au nimeongeza skrini nyingine ndani ya nyumba? Nimwadhibu kwa kudanganya? Na mdogo wake wa miaka 4 anadai chake. – Mama Faraji

JIBU: Mama Faraji, pole kwa kilio cha usiku ule, na hongera kwa zile wiki mbili. Kazi yangu ni mazoezi tiba ya watoto, na kitu ninachokihangaikia kila siku ni hicho ulichokiona wewe nyumbani bila kutoa senti: mtoto anainuka mwenyewe, bila kusukumwa wala kufokewa.

Mrudishie kidude chake leo, ukishakagua kifuniko cha betri kama nitakavyoeleza mwishoni. Kumwadhibu hapana. Sababu zangu ni ndefu kidogo, naomba univumilie.

Kwa maelezo yako hicho ni Pocket Pikachu, ambacho Nintendo walikitoa Japani Machi 1998. Kabla yake, Novemba 1996, kampuni ya Bandai ilikuwa imetoa Tamagotchi, kile kiyai cha plastiki chenye vitufe vitatu kilichobuniwa na Aki Maita na Akihiro Yokoi. Tamagotchi alianguliwa, akaomba chakula, akanya, akaugua, na usipomhudumia akafa. Watoto walikuwa wakienda nao darasani kwa kuogopa kurudi na kukuta maiti, na shule nyingi duniani zikavipiga marufuku. Kidude cha Pikachu kilibadilisha mambo mawili makubwa. La kwanza, Pikachu huyu hafi. La pili, kinachomfurahisha hasa ni miguu yako: kila hatua 20 zinazaa wati 1, na wati ndizo unazomzawadia ili akuzoee na kukupenda. Usipomjali ananuna, ukianza tena kutembea na kumzawadia mnapatana.

Hilo la kwanza, kwamba hafi, mwambie Faraji kwa maneno hayohayo, jioni ya leo. Nitalirudia hapo chini, maana nadhani ndilo lililomliza.

Sasa tuje kwenye soksi.

Nimewahi kukifungua kihesabu hatua cha aina ya zamani juu ya meza yangu ya kazi. Ndani utakuta kijimkono cha chuma kilichoegemezwa upande mmoja, na ncha yake ya pili ina kijiuzito kidogo kuliko punje ya maharage. Springi nyembamba kama unywele inakishikilia juu. Mtu anapotembea nyonga hupanda na kushuka kwa kila hatua. Ikishuka, kijimkono kinabaki nyuma kidogo kisha kinadondoka na kugusa kipande kingine cha chuma, umeme unapita, namba inaongezeka moja. Springi inakirudisha juu, kinasubiri mshtuko mwingine. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hakijui kama kilichokishtua ni nyonga ya mtoto, tuta la barabarani ukiwa ndani ya daladala, au soksi inayopigwapigwa mbele ya televisheni. Vifaa vya miaka ya karibuni, kama Pokéwalker, kihesabu hatua kingine cha Pokémon cha mwaka 2009, au simu uliyoshika, vinatumia kihisi kinachoitwa akselerometa, ambacho hupima mtikisiko wa pande zote na kusubiri kione mdundo unaofanana na wa kutembea ndipo kihesabu. Lakini soksi inayopigwa kwa mdundo mzuri inavidanganya navyo.

Kwa hiyo angalia mwanao amefanya nini. Aliambiwa Pikachu anataka hatua. Akachunguza, akagundua kwamba chombo hakijui hatua ni nini, kinajua mtikisiko tu, akatafuta njia nyepesi ya kutengeneza mtikisiko. Kamba inayoning'inia, uzito mwishoni, mdundo usiobadilika: hiyo ni pendulamu, ambayo ataifundishwa kwenye fizikia ya sekondari. Mtoto wa miaka 9 ameifikia peke yake akiwa kwenye kochi. Ukimwita mwongo kwa hilo, utakuwa umempa jina baya kwa kitendo cha akili.

Nakushauri uligeuze kuwa jaribio. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea, tokeni wote nje. Chora mstari wa chaki getini, Faraji atembee hatua 100 huku mnahesabu kwa sauti, kisha asome kidude kimeongeza ngapi. Afanye mara tatu: kikiwa kimebanwa kiunoni, kikiwa mfukoni, kikiwa mkononi. Halafu atembee hatua 100 amebeba ndoo nusu kichwani, aone kama namba ni ileile, kwa sababu mtu mwenye ndoo hujituliza nyonga ili maji yasimwagike. Mwisho aingize kwenye soksi na akipige mara 100. Kila namba iandikwe kwenye daftari. Ndipo umwulize taratibu: "Pikachu amepata wati zake. Moyo wako unadunda? Umetoka jasho?" Aweke kiganja kifuani ajibu mwenyewe. Usimmalizie sentensi. Watoto niliowafanyia hivi huwa wananyamaza kidogo, kisha wanacheka, na kesho yake soksi imerudi kwenye viatu. Na akitaka kuendelea na majaribio ya soksi, mruhusu, ila mkubaliane kwamba wati za soksi hazihesabiwi kwenye daftari la nyumbani.

Sikuachi hewani kuhusu faida. Inapatikana, lakini haidumu sana, na ni vizuri ujue mapema ili usije ukamlaumu mtoto kwa jambo linalowapata watu wote.

Pokémon GO ilipoingia kwenye simu mwaka 2016 na kuwatoa watu wazima barabarani kutafuta wanyama haohao wa familia ya Pikachu, watafiti wa Marekani walichukua hesabu za hatua zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya simu za vijana wa miaka 18 hadi 35 na kulinganisha kabla na baada ya kuanza kucheza. Matokeo yalichapishwa Desemba mwaka huohuo katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Wiki ya kwanza wachezaji waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku. Wiki zilizofuata ongezeko likapungua, na kufikia wiki ya 6 walikuwa wamerudi palepale walipokuwa kabla ya mchezo. Upande wa watoto, Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, kiliwapa watoto wa kambi ya likizo mbwa wa kwenye skrini ambaye alifundishika na kufurahi kadiri mtoto alivyojishughulisha. Watoto hao walijishughulisha zaidi ya saa moja ya ziada kwa siku wakilinganishwa na wenzao waliokuwa na mfumo wa kompyuta usio na mbwa. Saa nzima ni nyingi mno! Lakini kambi ilikuwa ya siku 3.

Ukiziweka tafiti hizo mbili karibu na barua yako, utaona wiki mbili za Faraji zimekaa mahali pake kabisa. Kidude kimefanya kazi yake ya kumtoa kwenye kochi, na hamu yake imeanza kupoa kwa wakati wake wa kawaida. Swali ambalo ningependa ujiulize ni hili: katika wiki hizo mbili Faraji alikuwa akienda wapi, na nani, na lipi kati ya hayo linaweza kubaki Pikachu akizimika kabisa?

Umeandika kwamba alikuwa anakimbilia dukani. Hilo lishike kwa mikono miwili. Duka lina chumvi, lina muuzaji anayemjua kwa jina, lina marafiki wanaokaa kwenye benchi, lina chenji ya kuhesabu. Mpe safari hiyo iwe yake rasmi, kila siku saa hiyohiyo, kama barabara yenu ni salama kwa mtoto wa umri wake. Kama si salama, nenda naye. Wewe mwenyewe au baba yake kutembea naye nusu saa jioni baada ya kazi ni jambo litakalodumu kuliko betri yoyote. Mtoto anayetembea na mzazi husimulia mambo ambayo mezani hayasemi, na wazazi wengi wameniambia hivyo wakishangaa.

Kuna sehemu moja ambayo ningekusihi usikipeleke kidude: kwenye mchezo anaoupenda tayari. Kama anacheza chandimu na wenzake, kibaki nyumbani. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa chekechea huko Stanford waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi wakaahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Wakachora, wakapewa. Wiki moja hadi mbili baadaye kalamu zilirudishwa darasani bila ahadi yoyote, na wale waliokuwa wameahidiwa wakatumia kama nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora. Kilichokuwa raha kilikuwa kimegeuka kibarua, na kibarua kisicho na ujira mtu hukiacha. Wati za Pikachu ni ujira. Zitumie kwenye yale ambayo Faraji asingeyafanya, mfano kwenda kwa bibi kwa miguu badala ya bodaboda, au kupanda ngazi. Mpira una raha yake wenyewe, usiutie bei.

Hizi 10,000 za mjomba nazo zina hadithi. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa iliingiza sokoni kihesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilikuwa jina la bidhaa, nzuri masikioni na rahisi kukumbuka, na ikaenea duniani kama amri ya daktari. Sisemi ni mbaya. Ila utafiti wa I-Min Lee na wenzake uliotoka mwaka 2019, uliofuatilia wanawake 16,741 wa Marekani wenye wastani wa miaka 72, uliona kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na nafuu iliendelea kupanda hadi kama hatua 7,500 ndipo ikatulia. Hao ni akina bibi. Kwa Faraji kipimo sahihi ni dakika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayopandisha mapigo ya moyo, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli za kuhemesha na za kuimarisha misuli na mifupa.

Kama mjomba anapenda namba, mpe hii. Kutembea kwa haraka kidogo ni kama hatua 100 kwa dakika, mtoto mwenye miguu mifupi huzidi hapo. Dakika 60 ni kama hatua 6,000. Gawa kwa 20, ni wati 300. Lakini usiifanye sheria, na usikubali mtoto aende mbio sebuleni saa tatu usiku kwa sababu zimebaki wati 12. Kidude kinakosa mengi. Akipanda mwembe, mikono na mgongo vikafanya kazi kubwa, kitaandika karibu sifuri. Baiskeli ndiyo kabisa: nyonga imetulia kwenye kiti wakati mapaja yanawaka moto. Kuogelea usijaribu nacho. Kuruka kamba kinahesabu vizuri, na rede pia kwa kiasi, kwa sababu ya kule kuchomoka na kukwepa mpira. Kwenye kombolela mtoto aliyejificha vizuri nyuma ya tangi hapati wati hata moja mpaka atoke mbio kwenda kukomboa, na mbio hizo fupi ndizo zinazomhemesha hasa.

Nije kwenye kilio, ambacho ndicho kilichonifanya niandike kirefu namna hii.

Mwaka 2006 watafiti walifanya jaribio na watu wazima 19 kwa wiki 14. Kila mmoja alikuwa na samaki wa kwenye skrini aliyekua na kufurahi kadiri mwenyewe alivyotembea, na asipotembea samaki alisononeka. Kuna waliopata hamasa. Lakini baadhi, samaki wao walipoonyesha huzuni, waliacha kabisa kumtazama. Watu wazima, wenye kazi zao, walikwepa kupita mbele ya samaki wa kuchorwa kwa sababu uso wake uliwauma. Kwa upande mwingine, Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2012 kiliona kwamba vijana wa miaka 12 hadi 14 waliokuwa na mnyama wa kwenye simu anayeweza kufurahi na pia kusikitika walikula kifungua kinywa mara mbili zaidi ya wengine. Kwa hiyo huzuni ya mnyama inaweza kumsukuma mtu mbele, na inaweza kumkimbiza. Kwa uzoefu wangu, kinachotofautisha ni kama mtoto ana uwezo wa kurekebisha. Mnyama akinuna na mtoto anajua kwamba akitembea kwenda dukani na kurudi watapatana, kununa huko ni mwaliko. Mnyama akinuna na mama ameshikilia kidude kabatini, mtoto hana njia yoyote. Amebaki na mtu anayemchukia na mlango uliofungwa.

Ndiyo maana nasema usikitumie kama adhabu, si kwa hili wala kwa kosa lingine. Ukitaka kumnyima kitu, mnyime katuni.

Usimwambie pia kwamba "hiyo ni plastiki tu". Anajua ni plastiki. Msichana anayembembeleza mwanasesere wa kitambaa anajua ni kitambaa, na bado anamfunika asipatwe na baridi. Kujali ni kujali, na mtoto anajifunzia kwenye vitu kama hivyo kabla hajakabidhiwa kuku au mdogo wake. Mwambie: "Pikachu hafi. Akinuna, kesho tunatembea naye na anacheka tena. Usiku na yeye analala, na mahali pake pa kulala ni sebuleni, juu ya rafu." Hapo umemheshimu, na umekitoa kidude kitandani bila ugomvi.

Kuhusu skrini: sina wasiwasi mkubwa na hii. Haina rangi, haina video, haikuiti kila dakika. Mtoto anaitupia jicho, anaona namba, anaendelea na safari. Ila kitazame kwa macho yako mwenyewe. Kama siku ya leo ameshinda amekiinamia kuliko alivyotembea, kimeshaacha kuwa kihesabu hatua.

Kitu kimoja ambacho pengine mjomba hakukuambia: ndani yake umo mchezo wa kubahatisha, mtoto anaweka wati zake dau kwenye picha zinazozunguka, akipata au akikosa. Hakuna pesa ndani yake, lakini ni dau, na kila nyumba ina msimamo wake juu ya hayo. Kaa naye, mwombe akuonyeshe, kisha amueni pamoja. Mimi kwa mwanangu ningesema wati zilizotoka miguuni zinaenda kwa Pikachu, haziwekwi dau.

Na siku betri ikiisha au kidude kikifa, maana ni cha zaidi ya miaka 25, usihangaike kuagiza kingine. Niliwahi kuwa na binti wa miaka 8 aliyetolewa plasta mguuni. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri, picha ilionyesha hivyo, lakini aligoma kuukanyagia. Nilikuwa na kihesabu hatua cha kawaida, namba tupu bila mnyama. Nikambana nacho kiunoni bila matumaini makubwa. Akaniuliza, "Huyu anakula nini?" Sikuwa na jibu. Akasema ni kuku, na anakula punje moja kila hatua kumi. Bibi yake, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, akaomba karatasi, akachora kuku, na kila baada ya hatua kumi akatia kidoto kimoja mbele ya mdomo. Siku ya kwanza kuku alikula punje 4. Wiki iliyofuata bibi alikuja na daftari zima. Hadi tunaagana, kihesabu hatua kilikuwa kimerudi kwenye droo yangu siku nyingi, na walikuwa wanahesabu kwa midomo, kutoka kituo cha daladala hadi mlangoni kwangu. Faraji ana daftari la majaribio ya Jumamosi. Linatosha kumfuga Pikachu, au mnyama mwingine wowote atakayemchora mwenyewe.

Sasa mdogo wake. Jibu langu ni hapana, na si kwa sababu ya wivu au gharama.

Mtoto wa miaka 4 hahitaji kuhamasishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka watoto wa miaka 3 na 4 wawe kwenye mwendo wa aina mbalimbali dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za nguvu, na mtoto ambaye hajafungiwa ndani huzipata kwa kumfuata kaka yake tu. Kinachonitisha ni betri. Vidude vya aina hii hutumia betri ndogo za duara, kama za saa. Mtoto mdogo akiimeza na ikakwama kwenye umio, umeme wake huanza kuunguza nyama papo hapo, na ndani ya saa 2 tu inaweza kuleta kidonda kikubwa, hata betri ambayo sisi tunaiona imekwisha. Anaweza kutokwa na udenda, kukataa chakula, kukohoa au kulalamika kifua, na wengine hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Ukishuku tu, nenda moja kwa moja hospitali yenye eksirei, usimtapishe, na usisubiri kuona kama ataitoa chooni.

Kidude cha mtumba mara nyingi kifuniko chake kimelegea au skrubu imepotea njiani. Kabla hujakirudisha mkononi mwa Faraji, kigeuze, angalia mgongoni. Kama skrubu ipo, ikaze kwa bisibisi ndogo ile ya miwani. Kama haipo, mpelekee fundi saa akutafutie inayolingana, na mpaka hapo kikae juu ambapo mdogo hafiki. Mweleze Faraji sababu, umwambie yeye ndiye mlinzi wa kifuniko hicho. Betri ikibadilishwa, ya zamani ifunge kwa selotepu pande zote, uitupe mbali na mikono midogo.

Na mdogo mtu asiachwe nyuma siku ya Jumamosi. Mpe kazi ya kuhesabu kwa sauti hatua za kaka yake kutoka kwenye ule mstari wa chaki. Akifika kumi na tano akarudia saba, mwache aendelee.